Ngome ilikuwa ng'ambo: kivuko cha Artlenburg, kilivyoishi na kilivyokwisha

Swali: «Shikamoo Mwalimu. Nasoma Lüneburg, Ujerumani ya kaskazini. Darasani tuliambiwa kwamba mwaka 1161 hati kubwa ya biashara ilitolewa Artlenburg, penye kivuko cha mto Elbe. Jumapili nikachukua baiskeli nikaenda kujionea. Nilikuta tuta, nyumba za matofali mekundu, bandari ndogo ya boti za starehe, na maji. Kivuko hakuna, ngome hakuna. Nijuavyo mimi ‘Burg’ ni ngome. Iko wapi? Kivuko kilikufaje? Na zamani, kabla ya injini, walivusha vipi magari ya farasi kwenye mto mpana namna ile?»

Marahaba, mwanangu. Jibu fupi ni hili: ulisimama ukingo usio wa ngome. Ngome ilikuwa ng'ambo, juu ya lile genge lenye msitu ulilokuwa ukilitazama. Iliitwa Ertheneburg. Kijiji ulichokizuru kimebeba jina lake tu. Ngome ilichomwa moto zaidi ya miaka 840 iliyopita, jina likavuka mto, na huku kusini ndiko lilikobaki. Ukiniuliza mimi, kitu kilichodumu kuliko vyote katika historia ya Artlenburg ni jina hilo, na lenyewe ni la kuazima.

Jibu refu linaanzia kwenye udongo, maana bila kuuelewa udongo hutaelewa kwa nini watu walivukia pale na si kwingine.

Uliposimama juu ya tuta, nyuma yako palikuwa na nchi tambarare, malisho na mashamba yaliyokatwa kwa mitaro. Wenyeji huiita Marsch. Ni udongo mzito uliotandazwa na mafuriko ya mto, mtamu kwa ngano na ng'ombe, mchungu kwa gurudumu la gari. Mbele yako, ng'ambo, uliona ukuta wa kijani. Hiyo ni Geest, ardhi ya mchanga na kokoto iliyoachwa na barafu za kale, iliyoinuka na kavu. Sehemu kubwa ya Elbe kuelekea Hamburg ina mabonde mapana ya tope. Msafiri wa zamani hakuuogopa mto wenyewe kama alivyoogopa tope la kabla ya mto na tope la baada yake. Hapo Artlenburg mto umejibana kabisa na genge la kaskazini. Ukishavuka, unapanda moja kwa moja kwenye nchi kavu. Tope limebaki upande mmoja tu, wa kusini, na upande mmoja watu waliweza kuumudu.

Basi hilo ndilo lililozaa kivuko. Ninasisitiza kwa sababu vitabu vingi vya shule hupanga mambo kinyume: mtawala akajenga ngome, chini ya ngome pakawa na kivuko, karibu na kivuko kikaja kijiji. Mimi naona kivuko kilitangulia. Watu walikuwa wakivuka pale kwa sababu ardhi iliwaruhusu, kisha akaja mwenye nguvu akakaa juu ya genge kuwaangalia na kuwatoza.

Ertheneburg haikuwa kasri la mawe lenye minara kama unazoziona kwenye kadi za posta za mto Rhine. Ilikuwa boma: tuta kubwa la udongo la nusu duara, upande wa wazi ukielekea mtoni, ambako genge lenyewe lilikuwa ukuta tosha. Tuta hilo bado lipo msituni, karibu na kijiji cha Schnakenbek. Mwaka 1106 Magnus, mtawala wa mwisho wa Saksonia katika ukoo wa Billung, alifia humo. Kaskazini mashariki ya hapo zilianza nchi za Waslavi, na mpaka kati yao na Wasaksonia, ule Wafranki waliouita Limes Saxoniae, ulikuwa ukianzia Elbe maeneo hayohayo na kukata kwenda Bahari ya Baltiki. Kwa hiyo mtu aliyekaa pale juu aliangalia vitu viwili kwa pamoja, mto na mpaka.

Sasa tufike mwaka 1161. Mtawala wa Saksonia alikuwa Heinrich der Löwe, yaani Heinrich Simba. Miaka miwili kabla, 1159, alikuwa ameuanzisha upya mji wa Lübeck baada ya kuunyang'anya mikononi mwa mkuu mdogo aliyeujenga. Lübeck ilikuwa mlango wake wa Baltiki, lakini mlango bila wageni haufai kitu, na wageni aliowataka ni wafanyabiashara wa kisiwa cha Gotland, ambacho leo ni cha Uswidi. Tatizo ni kwamba Wajerumani na Wagotland walikuwa wakigombana, na damu ilikuwa imemwagika. Tarehe 18 Oktoba 1161 Heinrich akatoa hati ya kuwapatanisha. Aliwahakikishia Wagotland amani na haki ndani ya nchi yake, haki zilezile ambazo babu yake, Kaisari Lothar, alikuwa amewapa zamani. Akataka na wao wawatendee Wajerumani vivyo hivyo kwao, na waje Lübeck kwa wingi. Akamweka mtu aitwaye Odelrich awe mwamuzi wa Wajerumani waendao huko.

Wengine huita siku hiyo siku ya kuzaliwa Hansa, ule muungano wa miji ya wafanyabiashara. Mimi hapo huwa navuta breki. Siku ile hakuna aliyeijua Hansa, na neno lenyewe kwa maana ya muungano wa miji lilikuja baadaye sana. Kilichofanyika ni mtawala mmoja kutaka ushuru wa bandari yake mpya. Lakini ni kweli kwamba bila amani ile na Gotland, Wajerumani wasingepata mguu wa kusimamia Baltiki haraka namna ile.

Na kwa nini hapo kivukoni? Tazama ramani. Lüneburg yako, yenye kisima cha chumvi, iko kusini, chini ya kilomita 20 kutoka mtoni. Lübeck iko kaskazini. Kivuko kiko kati, kwenye njia moja iliyounganisha chumvi ya Heinrich na bahari ya Heinrich. Watawala wa wakati ule hawakukaa ofisini. Walitembea na baraza lao, na hati ilitolewa pale mtawala alipofikia. Hapo alipofikia safari hii palikuwa mahali ambapo mfanyabiashara yeyote wa pande zile angepita siku moja.

Miaka ishirini baadaye Simba aliangushwa. Alikuwa amekosana na Kaisari Friedrich Barbarossa, binamu yake, na mwaka 1180 akanyang'anywa Saksonia. Mwaka 1181 Kaisari mwenyewe akavuka Elbe na jeshi. Heinrich alikuwa Ertheneburg. Alipoona hawezi kuishikilia aliichoma moto kwa mkono wake, akapanda mashua akateremka na mto hadi Stade. Ngome yako, mwanangu, iliishia hapo.

Saksonia akapewa Bernhard wa Anhalt. Huyu mwaka 1182 akajenga ngome mpya kilomita chache juu ya mto, yaani upande maji yanakotoka, mahali paitwapo Lauenburg, na mawe akayatoa kwenye magofu ya Ertheneburg. Kisha akafanya jambo ambalo kwake lilikuwa la akili kabisa: akaamuru kivuko nacho kihamie Lauenburg. Ngome yangu iko huku, basi nanyi vukieni huku.

Wafanyabiashara wa Lübeck wakagoma. Habari hizi tunazo kwa Arnold, mkuu wa watawa wa Lübeck aliyeandika tarikh ya siku zile. Ni mtu wa Lübeck, kwa hiyo usitegemee amtetee Bernhard, lakini kiini cha kisa hakina shaka. Watu wa Lübeck walipeleka malalamiko kwa Kaisari kwamba njia mpya inawatesa, na Kaisari akamwamuru Bernhard akirudishe kivuko mahali pake pa zamani. Akakirudisha.

Huwa nawaambia wanafunzi wangu wasome kisa hiki mara mbili. Mtawala mpya ana ngome mpya, ana askari, ana kibali cha Kaisari, na bado ameshindwa kuhamisha mashua chache umbali wa kilomita chache. Ameshindwa kwa sababu kivuko si mashua. Kivuko ni barabara mbili zinazokutana kwenye maji, na barabara hizo zilikuwa zimekanyagwa na vizazi vya farasi kabla Bernhard hajazaliwa. Ngome ilihama, kivuko kikabaki. Tangu hapo kilichokuwa kikiishi Artlenburg ni kijiji cha wavushaji bila bwana juu ya vichwa vyao, ingawa nauli ilikwenda kwa bwana vilevile.

Maana haki ya kuvusha haikuwa ya yeyote mwenye mashua. Ilikuwa mali ya mfalme, na kwa mkono wake mali ya mtawala wa mahali, ambaye aliikodisha kwa mvushaji. Kwa kodi ile mvushaji alipata ulinzi: hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuvusha kwa malipo jirani na kivuko chake. Naye akafungwa na wajibu: mtu akifika, amvushe. Hakuwa na ruhusa ya kuchagua abiria wala kupandisha nauli apendavyo.

Nauli zenyewe unaweza kuzisoma. Katika karne ya 13, kati ya miaka ya 1220 na 1235 hivi, Eike von Repgow, mtu wa kando ya Elbe hiyohiyo ila sehemu za juu, aliandika sheria za desturi za Wasaksonia katika kitabu kiitwacho Sachsenspiegel. Humo ushuru wa maji umepangwa hivi: watembea kwa miguu wanne, fenigi moja, sarafu ndogo ya fedha. Mpanda farasi, nusu fenigi. Gari lenye shehena, fenigi nne, kwenda na kurudi. Penye daraja, nusu ya hayo. Aliyekwepa alilipa mara nne. Mapadri na mashujaa wa farasi, pamoja na watumishi wao, bure. Hesabu yake ni ya mtu aliyewahi kusimama gatini akatazama: gari lililojaa linachukua nafasi ya watu kumi na sita, na ndivyo linavyolipa, ila linarudi bila kutozwa tena. Na kama ilivyo desturi ya dunia, waliosamehewa ndio hasa waliokuwa nacho.

Umeuliza walivusha vipi. Chombo chenyewe kiliitwa Prahm: bapa, kipana, kisicho na mkuku, chenye ncha mbili zilizoinuliwa ili kipande ukingoni bila gati. Ukitaka kukipa jina la kwetu, ni pantoni. Wajerumani nao wana neno Ponton, na mzizi ni mmoja. Gari lilishushwa polepole hadi ndani, magurudumu yakawekewa magogo yasibiringike, farasi wakafunguliwa na kushikwa hatamu mmoja mmoja, maana farasi akishtuka katikati ya mto hasara ni ya wote. Uzito uliwekwa katikati. Kisha wavushaji wawili watatu wakachukua upondo, wakasukuma sakafu ya mto wakitembea ubavuni mwa chombo kutoka mbele kwenda nyuma, wakachomoa, wakarudi mbele, wakachoma tena. Kina kikizidi urefu wa upondo, makasia.

Ila ujuzi hasa haukuwa kwenye misuli. Mto haukungoji. Ukiondoka hapa ukielekea pale moja kwa moja, mkondo utakupeleka chini, nawe utatua kwenye matope mita mia mbili mbali na barabara. Kwa hiyo mvushaji alikipandisha kwanza chombo juu ya mto akiambaa na ukingo, mahali maji yanapokwenda taratibu, kisha akakiachia kikate mto kwa mshazari. Kiasi gani apande juu kabla ya kuachia, hilo lilibadilika kila siku kwa kina cha maji, upepo na uzito wa shehena. Hakuna kitabu kilichoandika kipimo hicho. Kilikuwa kichwani mwa mtu, akakirithisha mwanawe.

Baadaye ikaja njia nyingine ambayo pengine umeiona pichani, feri inayokwenda bila injini, bila upondo, bila mtu kutoka jasho. Wajerumani huiita Gierfähre, na aliyeitengeneza kwanza, mwaka 1657, alikuwa Mholanzi aitwaye Hendrick Heuck, huko Nijmegen. Nanga hutiwa mbali juu ya mto. Kamba ndefu inaunganisha nanga na chombo, na karibu na chombo imegawanyika, moja imefungwa mbele, nyingine nyuma. Ukivuta ya mbele na kulegeza ya nyuma, chombo kinakaa mshazari, maji yanapiga ubavu, na kwa kuwa kamba haikiruhusu kuteremka, kinateleza kwenda pembeni hadi ng'ambo. Kurudi, unageuza pembe. Ni tiara iliyofungwa uzi, ila upepo wake ni maji. Huko juu ya Elbe zipo hadi leo, Rathen, Coswig, Aken. Ukisimama kwenye mojawapo utasikia maji tu yakichapa mbao. Lakini huku chini kuelekea Hamburg hazifai, kwa kuwa maji kujaa na kupwa kwa bahari hupanda mtoni, na mto unaogeuka kila baada ya saa kadhaa hauwezi kuendesha tiara ya namna hiyo.

Turudi kijijini. Kilichokilisha kilikuwa chumvi. Kisima cha chumvi cha Lüneburg kimo kwenye maandishi tangu mwaka 956, Otto wa Kwanza alipowapa watawa wa Mtakatifu Mikaeli ushuru wake, na kiliendelea kuchemshwa hadi 1980. Wateja wakubwa walikuwa wavuvi wa heringi wa kusini mwa Uswidi ya leo. Heringi ni samaki wa mafuta, haraka kuoza, na bila chumvi hafiki popote. Lübeck ilichukua chumvi ikapeleka kaskazini, ikarudi na mapipa ya samaki, na Ulaya ya Kikristo iliyofunga kula nyama siku chungu nzima kwa mwaka ikayanunua. Kilomita mia hivi kutoka Lüneburg hadi Lübeck, kwa magari, kupitia kivuko cha Artlenburg na mji wa Mölln. Watu bado huiita Njia Kongwe ya Chumvi.

Kisha mwaka 1392 Lübeck wakaanza kuchimba mfereji wa Stecknitz, na mwaka 1398 ukafunguliwa. Tarehe 22 Julai mwaka huo mashua za kwanza, kama thelathini, zikaingia Lübeck na chumvi na chokaa. Njia mpya ilikuwa hivi: chumvi inapakiwa Lüneburg kwenye mto Ilmenau, inateremka hadi Elbe, inapanda Elbe hadi Lauenburg, hapo inaingia mferejini. Chukua ramani uone mashua hizo zilipita wapi. Zilipita mbele ya Artlenburg. Chumvi iliyokuwa ikivuka mto sasa ikawa inapita na mto. Wavushaji waliweza kuihesabu kutoka ukingoni, fenigi isianguke mkononi mwao. Sikwambii kwamba kivuko kilikufa siku ile, maana barabara haifi kwa siku moja. Ng'ombe, posta, askari, wachuuzi na watu wa kwenda harusini waliendelea kuvuka kwa karne nyingi. Lakini shehena nzito, ile ya fenigi nne, ilikuwa imeanza kuondoka. Na ona nani alifaidi: Lauenburg, kijukuu cha ngome ya Bernhard. Alichokosa kwa amri alikipata kwa jembe la watu wengine, miaka mia mbili baada yake.

Karne zilizofuata nitazipita haraka. Kwa muda mrefu kingo zote mbili zilikuwa chini ya bwana mmoja, mtawala wa Sachsen-Lauenburg, jambo lililorahisisha maisha ya wavushaji. Ukoo huo ulikatika mwaka 1689, na nchi ikaishia kwa watawala wa Hannover. Tarehe 5 Julai 1803 jina Artlenburg likarudi vitabuni, safari hii kwa aibu: jenerali wa Hannover, Wallmoden, alitia saini mkataba wa kulivunja jeshi lake mbele ya Wafaransa. Jeshi lilikuwa limerudi nyuma likavuka Elbe, na halikuwa na pa kwenda tena. Wengi wa askari hao waliishia Uingereza, ambako kikosi cha Wajerumani cha mfalme kiliundwa kutokana nao mwaka huohuo.

Baada ya Napoleon mambo yakawa ya kuchekesha kidogo. Katika kugawana ardhi mwaka 1815 na 1816, Lauenburg ya kaskazini ya mto ilikwenda kwa mfalme wa Denmaki, na ukingo wa kusini ukabaki Hannover. Kwa nusu karne mtu wa Artlenburg akipanda mashua kwenda ng'ambo alikuwa anasafiri nchi za nje, mita mia mbili tatu za maji. Mwaka 1865 Prussia ikaichukua Lauenburg, 1866 ikaimeza Hannover, mpaka ukafutika.

Lililoumaliza mchezo ni reli. Mwaka 1864 reli kutoka Lüneburg ilifika Hohnstorf, kijiji kilicho mkabala na Lauenburg, na mabehewa yakawa yanavushwa juu ya feri maalumu. Mwaka 1878 likajengwa daraja, na feri ya mabehewa ikastaafu ikiwa na miaka 14 tu. Tangu hapo, mwenye mzigo wa kwenda kaskazini hakuwa na sababu ya kushuka Artlenburg, isipokuwa awe wa vijiji vya jirani.

Mara moja tu tena watu wengi walivukia pale. Aprili 1945 Wajerumani walilipua daraja la Lauenburg ili kuwachelewesha Waingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili Waingereza wakavuka Elbe kwa vyombo vyao, makomando kuelekea Lauenburg, na divisheni ya 15 ya Waskoti hapo Artlenburg. Siku tisa baadaye vita vya Ulaya vilikwisha. Majenerali wale walikuwa na picha za ndege na ramani za kisasa, na bado walichagua mahali palepale walipochagua wachuuzi wa chumvi. Genge, mto uliojibana, barabara pande mbili.

Mto wenyewe nao si ule. Mwaka 1960 chini kidogo, Geesthacht, ukakamilika ukuta wa kuzuia maji, ndio pekee kwenye Elbe ya Ujerumani, na barabara kuu ya magari ikapitishwa juu yake. Bahari sasa inajaa na kupwa hadi kwenye ukuta huo tu. Maji uliyoyaona Artlenburg yametulia kama ya bwawa, ndiyo maana boti za starehe zinayapenda. Kisha mwaka 1976 ukafunguliwa mfereji wa kilomita 115 kutoka mfereji wa Mittelland kuja kutokea Elbe, na mlango wake uko hapohapo Artlenburg. Wiki chache baada ya sherehe, Julai 1976, tuta la mfereji huo likapasuka karibu na Lüneburg, mashamba yakajaa maji. Muulize mtu mzima yeyote wa mji wenu. Kwa hiyo kijiji kilichopoteza riziki kwa sababu ya mfereji mmoja kimepewa mwingine, na mashua zake nazo zinapita tu.

Ukitaka feri iliyo hai, unazo mbili si mbali. Bleckede, juu ya mto, feri ya magari inakupeleka Amt Neuhaus, sehemu iliyokuwa Ujerumani Mashariki na kurudishwa jimbo lenu la Niedersachsen mwaka 1993. Miaka ya mpaka hakuna raia aliyevuka hapo. Chini ya mto iko ya Hoopte na Zollenspieker. Jina Zollenspieker lisome polepole: Zoll ni ushuru, Spieker ni ghala, yaani nyumba ya forodha. Lübeck na Hamburg waliiteka pamoja mwaka 1420 na kuimiliki kwa ubia hadi Hamburg ilipoununua upande wa Lübeck mwaka 1868. Miji miwili mikubwa kushikana mkono kwa ajili ya gati moja la tope, hapo unapata picha ya fedha iliyokuwa ikipita.

Na kama ni ngome unayoitaka, rudi Artlenburg siku isiyo na mvua. Kutoka pale tutani hadi kwenye boma la Ertheneburg unaweza kupaza sauti mtu akakusikia. Lakini hakuna wa kukuvusha. Itabidi ufuate tuta hadi Hohnstorf, upite daraja la Lauenburg, kisha urudi magharibi hadi Schnakenbek, kilomita kumi hivi kwa jumla, na mwisho uiegeshe baiskeli uingie msituni kwa miguu. Kipindi cha majani kupukutika ndicho kizuri, tuta linaonekana lote na mto unauona chini kati ya miti. Ukifika, geuka uitazame Artlenburg kutoka upande aliokuwa akiitazama Heinrich, kisha uniandikie.